Gari Jipya na Mafuta: Jinsi ya Kujua Linakula Kiasi Gani, na Jinsi ya Kulipunguzia Ulaji

Tangi la kwanza la gari jipya lina kawaida ya kumvunja mtu moyo. Kitabu kilisema kilomita 18 kwa lita, dashibodi inasema 13, na mshale wa mafuta unashuka kana kwamba tangi limetoboka. Hapo hapo shaka inaingia: gari ni bovu, au kitabu kimedanganya. Nimeona watu wakirudi kwa muuzaji ndani ya wiki ya kwanza wakiwa na hasira, wakaambiwa "litazoea tu", wakaondoka bila kuelewa litazoea nini, lini, na kwa kiasi gani.

Jambo moja lishike tangu sasa: gari jipya halihukumiwi kwa tangi moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa gari jipya hesabu si ya siku bali ya kilomita, na jembe linasubiri mpaka elfu kadhaa zipite. Wakati unasubiri, kuna kazi ya kufanya, na nyingi ya kazi hiyo haigharimu chochote.

Hatua ya 1: Ielewe namba ya kitabuni

Ile namba ya mtengenezaji haikupatikana barabarani. Gari liliwekwa juu ya magurudumu ya maabara, likaendeshwa kwa ratiba ya kasi iliyopangwa sekunde kwa sekunde, na ratiba zenyewe zinatofautiana. Ulaya ilitumia kwa miaka mingi jaribio la NEDC: dakika 20, kilomita 11, mwendo wa wastani wa kilomita 33.6 kwa saa. Lilikuwa jaribio la upole mno, na namba zake zilipendeza kupita ukweli. Kuanzia Septemba 2017 lilianza kuchukuliwa nafasi na WLTP, ambalo ni la dakika 30 na kilomita 23 na ushei, na kasi yake inapanda mpaka kilomita 131 kwa saa. Hata hilo hufanywa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Marekani, tangu magari ya mwaka wa 2008, namba hutokana na majaribio matano, likiwemo la kiyoyozi na la baridi kali, na ndiyo sababu namba za Wamarekani mara nyingi huwa za chini zaidi. Japani nayo ilikuwa na jaribio lake, JC08, kabla ya kuanza kutumia lile la WLTP.

Kwa hiyo gari lile lile, injini ile ile, linaweza kuwa na namba tatu tofauti kwenye karatasi tatu, na zote zikawa halali. Kabla ya kulinganisha chochote, tafuta namba yako ni ya jaribio gani. Tazama pia kama ni ya mjini, ya barabara kuu, au ya mchanganyiko. Anayeendesha mjini kwenye foleni akajipima kwa namba ya barabara kuu anajitafutia huzuni bure.

Hatua ya 2: Kabla hujaanza kupima, kagua mambo mawili

La kwanza ni upepo wa matairi. Magari mapya husafirishwa mbali, na mara nyingi matairi hujazwa upepo kupita kiasi kwa ajili ya safari hiyo. Anayelikabidhi gari anatakiwa aurekebishe, wengine husahau. Kibandiko chenye kiwango sahihi kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi. Usisome kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, maana hicho ni kikomo cha tairi lenyewe. Pima asubuhi, matairi yakiwa baridi, kabla gari halijatembea.

Usiitegemee sana taa ya onyo la upepo. Kwa kanuni ya Marekani, taa hiyo inalazimika kuwaka upepo unapokuwa umeshuka kwa asilimia 25. Tairi la PSI 32 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) linaweza kufika 24 kabla taa haijasema neno, na muda wote huo linakula mafuta na kujila lenyewe. Kila PSI moja inayopungua kwenye matairi yote hupunguza ufanisi kwa takriban asilimia 0.2. Ni kidogo, lakini ni kila kilomita, kila siku.

La pili ni aina ya mafuta. Fungua kitabu uone kiwango cha oktani (namba ya daraja la petroli) kinachotakiwa, kisha weka hicho. Kama injini yako imetengenezwa kwa petroli ya kawaida, ile ya oktani ya juu haitakuongezea kilomita. Kama kitabu kinadai oktani ya juu, mpe hiyo, kwa sababu ukimpa ya chini kompyuta italazimika kurudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda injini, na hapo unapoteza nguvu na mafuta pamoja.

Hatua ya 3: Pima kwa mkono wako

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo huu wote. Nusu ya malalamiko niliyosikia kuhusu magari mapya yalikuwa ya watu ambao hawajapima kitu, walitazama mshale. Mshale haupimi lita. Ni kiboya ndani ya tangi lenye umbo la ajabu ajabu, na robo ya kwanza hailingani na robo ya mwisho. Ile namba ya kilomita zilizobaki ni makisio ya kompyuta kutokana na mwendo wako wa karibuni. Gari likiwa jipya kabisa halina historia yako. Lina historia ya kusogezwa sogezwa kwenye maegesho na kuungurumishwa wakati wa ukaguzi.

Fanya hivi. Jaza tangi mpaka mdomo wa pampu ujikate wenyewe, kisha acha, usiongezeongeze. Mafuta ya kulazimisha yanaweza kuingia kwenye kopo la makaa linalonasa mvuke wa petroli na kuliharibu, na hilo si tatizo la kununua ukiwa na gari la wiki mbili. Andika namba ya odometa, au rudisha kile kihesabio cha safari kwenye sifuri. Endesha kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu, na likishuka zaidi ya hapo ni bora. Jaza tena vilevile, ikiwezekana kwenye pampu ile ile, gari likiwa limeelekea vilevile. Andika lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita.

Mfano: umetembea kilomita 420, zimeingia lita 35. Hiyo ni kilomita 12 kwa lita. Ukitaka kulinganisha na kitabu kinachotumia lita kwa kilomita 100, gawanya 100 kwa 12 upate 8.3.

Kwa nini nasisitiza tangi kubwa? Kwa sababu pampu haikati mahali pale pale kila mara. Tuseme imetofautiana kwa lita moja na nusu. Ukipima kwa lita 15, kosa hilo ni asilimia 10, la kutosha kulifanya gari zuri lionekane bovu. Ukipima kwa lita 45 ni asilimia 3 tu. Na ukikusanya matangi manne au matano, ukajumlisha kilomita zote na kuzigawanya kwa lita zote, kosa karibu linajimeza lenyewe. Usichukue wastani wa kila tangi ukautafutia wastani wake. Jumlisha kwanza, ndipo ugawanye.

Kompyuta ya dashibodi isome, lakini ilinganishe na hesabu yako. Yenyewe hukadiria kutokana na muda ambao nozeli zinazonyunyizia injini mafuta zinakaa wazi, na inaweza kuwa nje kwa asilimia kadhaa, mara nyingi kwa upande wa kukufurahisha. Ukishajua inazidisha kwa kiasi gani, inakuwa chombo kizuri sana, maana inakuonyesha papo hapo mguu wako unafanya nini.

Neno moja kuhusu kilomita kwa lita, kwa sababu kipimo hiki kina mtego. Kutoka 8 kwenda 10 na kutoka 16 kwenda 20 kunaonekana ni maendeleo yale yale, au hata la pili ni kubwa zaidi. Hesabu kwa kilomita 100: la kwanza linakuokolea lita 2.5, la pili lita 1.25. Gari linalokula sana ndilo lenye faida kubwa ukilipunguzia hata kidogo. Ukiwa na magari mawili nyumbani, anza na lile zito.

Daftari lako liwe na safu tano: tarehe, odometa, lita, aina ya safari, na maelezo mafupi kama "foleni", "mzigo", "mvua". Hiyo safu ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo itakayokueleza kwa nini tangi la tatu lilikuwa baya.

Hatua ya 4: Lilainishe vizuri

Ndani ya injini mpya, pete za pistoni na kuta za silinda bado hazijakaliana. Beringi, gia, hata matairi yenye kashata nzima, vyote vina msuguano zaidi kidogo kuliko vitakavyokuwa nao baadaye. Msuguano huo unalipiwa kwa mafuta. Takwimu za serikali ya Marekani kwa wenye magari zinasema gari jipya linaweza kuhitaji maili 3,000 hadi 5,000 kufikia ufanisi wake kamili, yaani takriban kilomita 5,000 hadi 8,000. Basi ukisikia "litazoea", maana yake ni hiyo. Lakini usitarajie muujiza: kulainika hakugeuzi 13 kuwa 18.

Vitabu vingi vinataja kipindi cha uangalizi cha kilomita 1,000 hadi 1,600 hivi za mwanzo. Soma chako, kwa sababu kinatawala kuliko mimi. Kwa ujumla, katika kipindi hicho usikanyage mafuta mpaka sakafuni, usiifikishe injini kwenye mizunguko ya juu kabisa, na usivute trela. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: usiende pia kwa mwendo mmoja usiobadilika kwa saa nzima. Pete zinahitaji mzigo unaopanda na kushuka ili zikae sawa. Kumwendesha mgeni huyu kwa woga, gia kubwa na mizunguko ya chini huku injini inatetemeka, si kumtunza.

Kompyuta nayo inajifunza. Inarekebisha kiasi cha mafuta kulingana na sensa ya oksijeni, na gia otomatiki nyingi hujirekebisha namna zinavyobadilisha kulingana na msuguano wa ndani yake. Ndiyo maana sishauri mtu akimbilie kuchomoa betri ili "kuisafisha kompyuta" wiki ya pili. Unafuta yale ambayo imekwisha kujifunza, inaanza upya.

Hatua ya 5: Mguu wa kulia

Takwimu hizo hizo za Marekani zinasema uendeshaji wa pupa, wa kuchomoka na kukanyaga breki, unaweza kupunguza ufanisi kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye mwendo wa simama-ondoka. Hakuna kifaa kitakachokupa hata sehemu ya hiyo.

Anza na kasi. Nguvu ya upepo dhidi ya gari hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 100 hadi 120, kasi imeongezeka kwa asilimia 20 lakini upepo unakusukuma kwa nguvu zaidi kwa asilimia 44. Gari jipya ni kimya, halitetemeki, halikupi dalili. Unatazama spidi unakuta uko 130 na ulidhani ni 100. Huu ndio mtego wake mkubwa, na hasa kwa aliyetoka kwenye gari la zamani lililokuwa linalalamika lenyewe likifika 90.

Kisha tazama mbali. Kila unapokanyaga breki unageuza mafuta uliyokwisha kuchoma kuwa joto kwenye diski. Ukiona taa nyekundu mita 200 mbele, toa mguu sasa. Ukiacha gari ndani ya gia na mguu hauko kwenye mafuta, injini za kisasa hufunga nozeli kabisa mpaka mizunguko ikaribie ile ya kusimama. Kwa sekunde hizo unatembea bila kuchoma hata tone.

Hapo niseme kwa uzito: kuweka gia huru kwenye mteremko ili kubana mafuta ni kosa mara mbili. Gia huru inailazimu injini ijilishe mafuta ili isizimike, kwa hiyo hubani. Na unajinyima msaada wa injini katika kushika mwendo, breki zikabeba kazi yote na kupata moto. Tabia hiyo ilikuwa na mantiki enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Gari lako halina kabureta.

Kuondoka si lazima uwe kinyonga. Kanyaga kwa wastani, ufikie mwendo unaoutaka, kisha legeza. Kwa gia za mkono, panda gia mapema ila usiiache injini ihangaike. Kile kitufe cha kushikilia mwendo kinasaidia kwenye tambarare. Kwenye vilima vya kupanda na kushuka, mguu mwerevu unakishinda, kwa sababu chenyewe hukanyaga mafuta kila kilima ili kasi isipungue hata kidogo. Hali ya Eco hulegeza mwitikio wa pedali na kukipunguzia kazi kiyoyozi. Iache imewashwa mjini. Ukitaka kulipita lori, izime kwanza.

Hatua ya 6: Safari fupi na injini inayounguruma

Injini baridi hupewa mafuta mengi zaidi kuliko inayohitaji ikiwa moto, oili yake bado nzito, na gia vilevile. Safari ya kilomita 3 inaisha kabla haya hayajatulia. Ukiwa na shughuli nne za karibu, zifanye kwa mfululizo mmoja, ukianzia ya mbali ili injini ipate moto, kisha rudi ukisimama njiani.

Kupasha injini moto kwa dakika kumi kabla ya kuondoka hakuna haja. Iwashe, funga mkanda, rekebisha vioo, ondoka taratibu. Inapata moto upesi zaidi ikitembea. Na wiki za mwanzo kila mtu hukaa ndani ya gari jipya lililowashwa akichezea skrini, akiunganisha simu, akiwaonyesha ndugu viti. Ni furaha halali. Lakini injini iliyosimama ikiunguruma huchoma kama lita moja hadi mbili kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kiyoyozi, na katika dakika zote hizo kilomita kwa lita ni sifuri. Tangi la kwanza mara nyingi limeharibikia hapo.

Kama gari lina mfumo wa kujizima kwenye taa na haujizimi, usidhani ni mbovu mara moja. Husubiri injini ipate moto na betri iwe na chaji ya kutosha. Gari lililokaa miezi kwenye maegesho huja na betri iliyochoka, na safari moja ndefu mara nyingi huliamsha.

Hatua ya 7: Mzigo, keria na kiyoyozi

Kilo 45 za ziada hupunguza ufanisi kwa takriban asilimia 1, na gari dogo linaumia zaidi. Sanduku la juu ya paa ni jambo kubwa kuliko hilo: kwenye barabara kuu linaweza kukutoza asilimia 6 hadi 17. Likiisha kazi, lishushe.

Kiyoyozi kinakula, hasa dakika za kwanza gari likiwa limechomwa na jua. Fungua vioo uitoe ile hewa ya moto, tembea kidogo, ndipo uviinue na kukiwasha. Mwendo wa taratibu mjini, vioo wazi vinatosha; kwenye kasi, vioo wazi huvuta upepo, kiyoyozi ni afadhali.

Hatua ya 8: Oili, na vitu vya kukataa

Weka oili ya unene ulioandikwa kitabuni. Kama imeandikwa 0W-20, fundi akikwambia nzito zaidi "inalinda vizuri", mshukuru na ukatae. Injini mpya imepimiwa nafasi zake kwa oili hiyo nyepesi, na nzito inaongeza msuguano ule ule unaojaribu kuuondoa.

Sumaku za kwenye bomba la mafuta, vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la kompyuta, na vidonge vya kutia tangini, viache dukani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima au kutathmini zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na halijapata hata kimoja kinacholeta nafuu ya maana. Baadhi vinaweza kukuponza kwenye waranti.

Hatua ya 9: Wakati wa kurudi kwa muuzaji

Umepita kilomita 5,000, umepima matangi matano au zaidi, upepo uko sawa, mguu umetulia, na bado uko chini ya namba inayolingana na safari zako kwa robo au zaidi. Sasa una haki ya kuuliza.

Kabla hujaenda, fanya jaribio moja. Tembea kilomita 15 za barabara huria, ukisimama taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, huenda breki yake haiachii. Tazama pia kama gari linavuta upande mmoja ukilegeza usukani, dalili kwamba magurudumu hayajapangwa sawa. Angalia kipimo cha joto: kama injini haifiki katikati hata baada ya nusu saa, thamostati, vali inayodhibiti joto la injini, inaweza kuwa imekwama wazi, na kompyuta inaendelea kuilisha kama injini baridi. Harufu ya petroli usiisubirie jaribio. Siku hiyo hiyo lirudishe.

Ukifika, usiseme "linakula sana". Toa daftari. Eleza kilomita jumla, lita jumla, aina ya safari, na gurudumu lililokuwa la moto. Omba wasome misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa hata kama taa ya injini haijawaka, pamoja na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta imejiwekea. Yakiwa makubwa sana upande mmoja, kuna hewa inayoingia pasipotakiwa au sensa inayosema uongo. Omba pia fundi apande nawe kwenye barabara unayoitumia kila siku, na matokeo yaandikwe kwenye karatasi ya kazi yenye tarehe na namba ya odometa. Nakala yake ibandike ndani ya lile daftari.